Tarehe 27 Agosti: Algiers, Unguja na Admirali Rawson



Wapenzi wa tarehe za baharini wana desturi ya kuipanga dunia kwa siku za mwaka. Huchukua siku moja katika kalenda, wakaitia ndani yake kila merikebu iliyozama siku hiyo, kila bandari iliyopigwa mizinga, kila admirali aliyezaliwa au kufa, bila kujali karne wala bara. Siku ya 27 Agosti imo katika orodha hizo, nayo haikosi mstari mmoja wa Unguja. Mstari wenyewe aghlabu huandikwa kwa kicheko: vita vifupi kuliko vyote duniani, dakika 38. Watoto wetu waliozaliwa huku New South Wales huukuta katika simu zao, nao huniuliza swali lile lile: kweli babu, tulishindwa kabla chai haijapoa? Siwalaumu. Hakuna aliyewapa maneno mengine. Basi nimeona niwaandikie siku hiyo kama ninavyoielewa mimi, mtu aliyekaa miaka mingi nyuma ya meza ya ukarani, ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza kila safu ya daftari imejazwa na nani, na kwa nini.

Kwanza tarehe yenyewe. Tarehe 27 Agosti ni siku ya kalenda ya miladi, iliyokuwa mezani mwa makamanda wa Kiingereza. Wazee wetu walikuwa na hesabu mbili nyingine. Ibada na hati ziliendeshwa kwa mwezi mwandamo. Safari za baharini zilihesabiwa kwa mwaka wa jua unaoanza Nairuzi, kumi baada ya kumi, ili nahodha ajue kusi itapungua lini na kaskazi itaingia lini. Kwa hesabu ya mwezi, siku ninayoikusudia katika mwaka 1896 iliangukia Mfungo Sita wa mwaka 1314, mwezi wa maulidi. Na kwa hesabu ya upepo ilikuwa bado kusi. Aliyesimama barazani Unguja asubuhi ile hakuwa na habari kwamba yumo katika 27 Agosti. Jina hilo la siku limetujia baadaye, pamoja na vitabu vya wale walioshinda.

Orodha ya siku hiyo ni ndefu. Mwaka 1883, asubuhi ya 27 Agosti, mlima wa moto wa Krakatoa ulipopasuka baina ya Java na Sumatra, wimbi liliinyanyua manowari ndogo ya Kiholanzi iitwayo Berouw likaitupa msituni, na mabaharia wake wakaangamia. Mawe mepesi yaliyotoka katika mlima ule yakaelea hata yakafika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1941 nyambizi ya Kijerumani U-570 ilisalimu amri mbele ya ndege, kusini mwa Iceland. Mwaka 1943 manowari ya Kiingereza Egret ilizamishwa katika Ghuba ya Biscay kwa bomu lililoongozwa kutoka kwenye ndege, ikawa merikebu ya kwanza kuzamishwa kwa silaha ya namna hiyo. Na mwaka 1979 Lord Mountbatten, aliyewahi kuwa mkuu wa jeshi la majini la Uingereza, aliuawa kwa bomu ndani ya mashua yake huko Mullaghmore, Ireland. Haya nayapita, yana waandishi wake wengi. Ninayotaka kukaa nayo ni mawili yaliyopishana miaka 80 kamili, bila kuzidi siku wala kupungua: mizinga ya Algiers ya mwaka 1816, na mizinga ya Unguja ya mwaka 1896.

Algiers ilikuwa chini ya Dey Omar, na manahodha wake waliishi kwa kuteka merikebu za Wakristo na kuwatia utumwani mabaharia na abiria wao. Mwaka 1816 Uingereza ilimtuma Lord Exmouth kufanya mapatano, yakafanyika. Kisha wavuvi waliokuwa chini ya ulinzi wa Uingereza wakauawa katika mji wa Bona, na Exmouth akarudishwa, safari hii na manowari za kutosha, akafuatana na kikosi cha Waholanzi chini ya van Capellen. Waliingia bandarini tarehe 27 Agosti, mwanzoni mwa Mfungo Mosi wa 1231, Idi ikiwa imepita siku chache tu. Mizinga ilianza baada ya saa tisa alasiri na haikunyamaza hata saa nne za usiku. Asubuhi yake Exmouth, ambaye risasi zake zilikuwa karibu kwisha, alimwandikia Dey barua kama kwamba zimejaa tele, na Dey akakubali. Watumwa Wakristo zaidi ya 1,000 wakaachiwa mara moja.

Sina machozi ya kuwalilia watekaji wa Algiers. Mtu aliyefungwa minyororo katika machimbo ya mawe ya Algiers alikuwa na haki ya kufunguliwa, na aliyemfungua alifanya jambo jema, hata kama nchi ya mfunguaji huyo ilikuwa nayo ikiwafanyisha kazi watumwa weusi visiwani Karibiani, na ikaendelea nao hata mwaka 1834. Ninachotaka mkione ni kitu kimoja cha kikarani. Katika hesabu ya vita vile Waingereza waliandika wafu 128 na majeruhi 690. Waholanzi wafu 13 na majeruhi 52. Kila kundi na safu zake mbili: aliyekufa huku, aliyejeruhiwa kule. Liwekeni hilo akilini, nitalirudia.

Sasa nivuke miaka 80 na niingie bandari yetu.

Habari ya 1896 haiwezi kueleweka pasipo Sayyid Barghash bin Said, baba yake Khalid, kwani Barghash alizijua nguvu za Waingereza mapema. Mwaka 1859 alipojaribu kumwondoa ndugu yake Sayyid Majid, Waingereza walimsaidia Majid, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Alirudi, akatawala tangu 1870. Aprili 1872 kimbunga kikavunja mji na kuziangamiza merikebu zake bandarini. Mwaka uliofuata Waingereza walimtishia kuizingira Unguja kwa manowari, hata akatia saini, tarehe 5 Juni 1873, mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Mwaka huo huo manowari moja ya Kiingereza iitwayo Glasgow ilitia nanga mbele ya kasri lake. Barghash akaagiza Scotland merikebu iliyofanana nayo, nayo ikapewa jina lile lile. Ilishushwa majini mwaka 1878. Ilipofika, haikumpendeza sana, ikabaki kwenye nanga mwaka baada ya mwaka, na mizinga yake saba ya ratili tisa. Hiyo ndiyo iliyokuwa merikebu pekee ya kivita ya dola yetu: nakala ya merikebu ya watu waliomtisha mwenyewe.

Jumanne ya 25 Agosti 1896, kabla ya adhuhuri, Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Watu walisema alitiliwa sumu, na wapo wanaosema hivyo mpaka leo, mimi siliingii. Kabla ya jua kutua Khalid bin Barghash, kijana wa miaka ishirini na ushei, alikuwa tayari ndani ya kasri pamoja na watu wake, pasipo idhini ya balozi wa Kiingereza ambayo makubaliano ya himaya ya 1890 yaliitaka. Haikuwa mara yake ya kwanza. Mwaka 1893, alipofariki Sayyid Ali bin Said, aliingia kasrini vivyo hivyo, akaonywa, akatoka. Safari hii Basil Cave, aliyekuwa akikaimu ubalozi, alimwonya, na Jenerali Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa serikali, alimwonya pia. Hakutoka.

Bandarini zilikuwepo manowari Philomel na Thrush. Sparrow iliingia siku ile ile, Racoon ikaja Jumatano asubuhi, na saa nane ya alasiri ya Jumatano ikaingia St George, kubwa yao, ikimchukua Admirali Harry Rawson. Cave alikuwa amepeleka simu ya waya London kuomba ruhusa, na ruhusa ikaja. Khalid akapewa muda: ateremshe bendera yake na kutoka kabla ya saa tatu asubuhi ya Alhamisi.

Ndani na mbele ya kasri kulikuwa na watu wapatao 2,800. Naomba msipite upesi juu ya hesabu hiyo. Walikuwemo askari wa Sultani, walikuwemo raia waliochukua bunduki siku mbili zile, na walikuwemo watumwa mamia kadhaa. Silaha zao zilikuwa bunduki za rashasha chache, mzinga wa kale wa shaba nyeusi wa karne ya 17, na mizinga miwili ya ratili kumi na mbili ambayo Kaisari wa Ujerumani aliitoa zawadi. Na upande wa pili, pamoja na mabaharia wa Kiingereza, walisimama askari wa Kiunguja wapatao 900 chini ya Luteni Arthur Raikes. Ndugu wa mtaa mmoja waliweza kuwa pande zote mbili za ukuta mmoja. Kwa hiyo ninaposikia jamaa wakisema “sisi” na “wao” katika kusimulia siku ile, huwa nauliza: sisi yupi?

Saa mbili asubuhi alikuja mjumbe wa Khalid kutaka mazungumzo. Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa kwamba hana nia ya kuteremsha bendera, na haamini kwamba Waingereza watampiga. Cave akajibu kwamba hawapendi kupiga, lakini asipofanya alivyoambiwa watapiga. Saa tatu na dakika mbili Thrush, Racoon na Sparrow zikafyatua. Mzinga wa kwanza wa Thrush uliung'oa mmoja wa mizinga ile ya ratili kumi na mbili kutoka mahali pake. Kasri lilikuwa na mbao nyingi, na ndani yake walikuwa watu wamejipanga nyuma ya masanduku na marobota, kana kwamba robota linaweza kusimamisha kombora.

Hapo ndipo Glasgow, ile nakala, ilipofanya jambo ambalo mimi sijui nilipime vipi. Iliifyatulia St George mizinga yake ya ratili tisa. Nasema sijui kwa sababu kwa akili ya kijeshi lilikuwa jambo lisilo na maana: merikebu ya miaka 18, iliyokaa miaka kwenye nanga, dhidi ya manowari ya chuma iliyo mpya na kubwa kuliko zote zilizokuwepo. Lakini mabaharia wale walikuwa kazini mwao, chini ya bendera iliyokuwa juu ya mlingoti wao, na bendera ile ilikuwa bado haijateremshwa. St George ikajibu. Glasgow ikaanza kuzama, mabaharia wake wakapandisha bendera ya Kiingereza kuonyesha wamesalimu, na mashua za Waingereza zikawaokoa. Lazima tuliseme hilo pia, maana ni kweli: waliowapiga ndio waliowatoa majini. Ilipofika saa tano kasorobo Glasgow ilikuwa chini, milingoti yake mitatu na dohani vikibaki juu ya maji mbele ya mji. Ilikaa hivyo hata mwaka 1912 ndipo mabaki yalipovunjwa. Kizazi kizima cha watoto wa Unguja kilijifunza kuogelea kikiitazama milingoti ile.

Ufyatuaji ulikoma kama saa nne kasoro dakika ishirini. Wengine huhesabu dakika 38, wengine 40, wengine 45. Inategemea unaanza na mzinga upi na unamaliza na upi. Manowari zilikuwa zimepiga makombora kama 500, na risasi za rashasha kama 4,100. Beit al-Hukm liliharibika lisijengwe tena. Beit al-Sahel lilivunjika, likajengwa upya baadaye. Beit al-Ajaib lilisimama, ila mnara wa taa uliokuwa mbele yake ukaenda. Wengi wenu mliona picha za jengo hilo lilipoporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo. Mizinga ya Rawson lilikuwa limeistahimili.

Narudi kwenye safu za daftari. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja, aliyekuwa ndani ya Thrush, akapona. Upande wa kasri hesabu iliyoandikwa ni hii: watu wapatao 500, waume kwa wake, “waliouawa au kujeruhiwa”. Safu moja. Lord Exmouth katika joto la 1816 alijua nani kafa na nani kajeruhiwa. Mwaka 1896, katika mji wenye hospitali, ofisi ya simu na serikali yenye makarani, mfu na majeruhi wetu waliwekwa katika tarakimu moja ya mviringo. Karani yeyote aliyeniletea safu kama hiyo ningemrudishia. Tarakimu ya mviringo maana yake hakuna aliyekwenda kuhesabu. Na kama hakuna aliyehesabu, hakuna aliyeandika majina.

Hapa ndipo kicheko cha dakika 38 kinaponikera. Dakika ni kipimo cha aliyekuwa kwenye mzinga, mwenye saa mkononi na kitabu cha merikebu mbele yake. Nyumbani kwetu habari ya siku ile ilipokewa kwa wanawake. Bibi yangu aliipata kwa mama yake, aliyekuwa mtoto katika mtaa wa Malindi, na sikumsikia hata mara moja akitaja dakika. Alitaja ukimya wa usiku wa kuamkia, vumbi la chokaa lililoingia mpaka ndani ya mitungi ya maji, na kwamba kwa siku nyingi baadaye watu walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani hajarudi.

Wapo katika ukoo wetu, hasa walio Muscat, wanaomsimulia Sayyid Khalid kama shujaa pasipo doa. Mimi namwonea huruma, lakini siwezi kwenda nao umbali huo. Habari zilizotolewa siku ile zilisema aliondoka kasrini mara ya mzinga wa kwanza, pamoja na wakubwa waliomzunguka. Wengine wakasema alibaki zaidi. Vyovyote iwavyo, alitoka akiwa mzima, akaingia ubalozi wa Ujerumani na watu wake wapatao arobaini, na waliobaki kuendelea na moto walikuwa askari na watumwa. Mtumwa aliyekufa mle ndani hakuwa ameulizwa kama anamtaka Khalid au Hamoud. Sisi ambao babu zetu walikuwa na watu katika nyumba zao hatuna haki ya kukata habari hiyo ili iliyobaki ipendeze. Na wapo miongoni mwetu, wasomaji wa ukurasa huu, ambao bibi zao ndio waliokuwa watu hao. Familia zetu zimechanganyika, na sote tunajua hivyo hata wasiopenda kusema.

Alasiri ya siku ile ile Sayyid Hamoud bin Mohammed akawekwa kwenye kiti. Waliomuunga mkono Khalid walilipishwa gharama ya makombora yaliyowapiga, jambo ambalo mtu akilisoma mara ya kwanza hudhani amesoma vibaya. Miezi michache baadaye, tarehe 6 Aprili 1897, Hamoud alitoa amri ya kuuondoa utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba. Masuria hawakuingizwa humo mpaka 1909. Basi inawezekana mtu kusema, kama wanavyosema waandishi wa Kiingereza, kwamba mizinga ya 27 Agosti 1896 ilifungua minyororo kama ile ya 27 Agosti 1816. Nusu ya neno hilo ni kweli. Nusu ya pili ni kwamba miongoni mwa watu mia tano wa ile safu moja walikuwemo wale wale waliosemekana wanakombolewa, na ukombozi wao ulikuwa bado una miezi saba kufika.

Khalid naye akawa mhamiaji kama sisi. Tarehe 2 Oktoba 1896, maji ya bamvua yalipojaa hata kufikia ubalozi wa Ujerumani, mashua ya manowari Seeadler ilikuja mpaka mlangoni akapanda bila kukanyaga ardhi ambayo Waingereza wangeweza kumkamatia. Akapelekwa Dar es Salaam. Akakaa huko miaka ishirini, hata majeshi ya Waingereza yalipomkamata mwaka 1916. Walimpeleka uhamishoni, Saint Helena na Seychelles, kisha wakamruhusu kurudi pwani, ila si Unguja. Alifia Mombasa mwaka 1927.

Na Rawson? Hapa ndipo habari inaponifuata mpaka huku Rooty Hill, kwenye kitongoji hiki cha magharibi ya Sydney ambacho hakuna mtu angedhani kina uhusiano na Forodhani.

Harry Rawson hakuwa mgeni pwani yetu Agosti 1896. Mwaka mmoja nyuma, Agosti 1895, ndiye aliyeongoza kikosi kilichoiteka Mwele, ngome ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui nyuma ya Gazi. Jamaa wa Mombasa wanaijua habari hiyo kwa upande wao. Na Februari 1897, nusu mwaka baada ya Unguja, aliongoza msafara uliouteka mji wa Benin huko Afrika Magharibi, ambako hazina za shaba za wafalme wa Benin zilichukuliwa zikatawanyika katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Mwele, Unguja, Benin: katika miezi kama kumi na minane, mtu mmoja. Sayyid Hamoud alimpa nishani ya Nyota Ing'aayo ya Zanzibar, daraja la kwanza.

Kisha mwaka 1902 akateuliwa Gavana wa New South Wales. Alikaa katika kazi hiyo hata 1909, na watu wa hapa walimpenda. Magavana wa mwanzo wa koloni hili, akiwemo King aliyelitenga eneo la Rooty Hill kuwa malisho ya mifugo ya serikali mwanzoni mwa karne ya 19, walikuwa maofisa wa majini. Rawson alifuata mlolongo huo karne moja baadaye. Yeye ndiye aliyekuwa Gavana Agosti 1908 manowari 16 kubwa za Marekani, zilizopakwa rangi nyeupe, zilipoingia bandari ya Sydney na mji mzima ukateremka ufukweni kuzitazama na kushangilia. Alikufa London mwaka 1910. Ukipanda treni Rooty Hill ukateremka Central, hatua chache kutoka stesheni kuna barabara fupi iitwayo Rawson Place. Nimepita hapo mara nyingi kabla ya kujua jina hilo ni la ukoo gani.

Hata manowari zenyewe zilikuja upande huu wa dunia. Jamaa mlioko Auckland: Sparrow, iliyopiga kasri pamoja na Thrush na Racoon, iliingia mikononi mwa serikali ya New Zealand mwaka 1906, ikabadilishwa jina kuwa Amokura, ikawa chombo cha kuwafundishia vijana ubaharia. Philomel iliazimwa kwa New Zealand mwaka 1914, ikawa merikebu ya kwanza ya jeshi lao la majini, na kituo chao cha Devonport kinalibeba jina hilo hata leo. Kila moja ina historia yake iliyotunzwa kwa uangalifu, na makamanda wake wanajulikana kwa majina. Sioni vibaya. Ninachoona ni kwamba upande mmoja wa asubuhi ile umeandikwa mpaka nyundo na msumari, na upande wa pili umeandikwa “wapatao 500”.

Safu ile haiwezi kujazwa tena kutoka katika ofisi yoyote. Inaweza kujazwa kidogo kutoka majumbani, na waliosikia kwa walioona wamebaki wachache. Kila mwaka napokea habari za taazia mbili au tatu kutoka Muscat, Dubai, Mombasa au London, na kila moja ni mlango unaofungwa. Kwa hiyo nimefungua daftari. Kila mwenye habari ya mtu aliyekuwa kasrini, au ndani ya Glasgow, au katika askari wa Raikes, Alhamisi ile ya Mfungo Sita 1314, aniletee. Nataka jina, jina la baba, mtaa aliotoka, kazi aliyokuwa nayo, na kama alikufa siku ile au alijeruhiwa au alitoka salama; hayo matatu yawe mbalimbali. Andikeni pia mmesikia kwa nani. Na ikiwa jina la baba halijulikani kwa sababu mtu huyo alikuwa mtumwa, msiliache pengo wala msimpe nasaba ya kuazima. Andikeni jina lake kama lilivyoitwa, na nyumba aliyoitumikia, hata kama nyumba hiyo ni yetu.